Maji yakipwa kriketi, maji yakijaa besiboli

Bahari ya Paje ikipwa, haipwi kidogo. Huondoka ikaenda zake mpaka karibu na mwamba, ikatuachia uwanja ambao hapana mkandarasi aliyeujenga. Kwa mbali unaona mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika. Huku karibu wanawake wameinama kwenye vigingi vya mwani, magunia yao pembeni. Na baina yao na minazi pana ukanda wa mchanga uliolowa, umeshikana kama sakafu ya nyumba. Ukanda huo ndio wetu.

Watoto wakishatoka chuoni jioni huja na upongoo wa kuti uliochongwa ukawa bapa upande mmoja. Hilo ndilo bati. Wiketi ni vigingi vitatu vya mwani vilivyokwisha kazi yake. Mpira ni wa tenisi, tumeuviringa utepe mweusi wa mafundi umeme ili upate uzito. Mrushaji anatoka mbio kutoka upande wa Jambiani, anauachia, mpira unatua hatua mbili tatu mbele ya mpigaji na kuinuka mpaka kiunoni kwake. Mchanga ule mgumu unaurudisha mpira kwa uaminifu. Ukiupiga chini kwa nguvu, unainuka kwa nguvu.

Jumamosi moja ya hivi karibuni maji yalianza kurudi tukiwa katikati ya mchezo. Maji ya Paje hayarudi kwa kishindo. Yanakuja kwa kunyemelea, yakipitia vijito vidogo nyuma yako, na ukigeuka unakuta umeshazungukwa. Tukang'oa vigingi, tukasogea juu, tukasogea tena, mpaka tukafika kwenye mchanga mkavu chini ya minazi. Mchanga ule ni laini kama unga. Mpira ukianguka hapo hauinuki, unazama.

Mvulana mmoja wa darasa la sita alirusha mara mbili, na mara zote mbili mpira ukafia chini. Mara ya tatu hakuutuliza tena. Aliutupa moja kwa moja usawa wa kifua cha mwenzake, bila ya kugusa ardhi. Mwenzake naye, bila ya kuambiwa, akauinua upongoo kutoka miguuni akauweka begani, akausubiri. Hapana aliyewafundisha, na katika wale hapana hata mmoja aliyewahi kuona besiboli kwa macho yake. Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma kama mwamuzi nilihisi nywele zinanisimama. Jambo ambalo nimelisoma vitabuni kwa miaka mingi lilitokea mbele yangu kwa muda wa mipira mitatu: besiboli ni kriketi iliyonyanyuliwa kutoka ardhini.

Aliyekulia Unguja ataielewa michezo hii kwa haraka akikumbuka nage. Hata kama hakuucheza, amewaona dada zake wakiucheza: mtu amesimama katikati, mpira unamjia, wenziwe wanangoja nje, na watazamaji wote wanamtazama yeye peke yake. Kriketi na besiboli ni za ukoo huo. Katika kandanda watu kumi na mmoja wanashambulia pamoja na kurudi pamoja, na anayekosea anaweza kujificha nyuma ya wenzake. Huku hapana pa kujificha. Mmoja anashika gongo mbele ya kundi zima, na kundi lote liko uwanjani kwa ajili ya kumtoa. Kisha kuna jambo jingine ambalo naliona ni kubwa zaidi. Kwenye kandanda, anayeingia langoni ni mpira. Huku, anayefika ni mtu. Mpira ukipigwa mbali ni nafasi tu. Mkimbio unahesabiwa kwa miguu ya binadamu aliyeondoka mahali akafika pengine, isipokuwa pale mpira unapovuka mpaka na kumpa mpigaji malipo yake bila ya kutoka jasho.

Vipimo navyo vinasema. Wiketi mbili za kriketi zinaachana kwa mita 20.12. Katika besiboli, kutoka anaposimama mrushaji mpaka kwa mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 156 hadi 163, wa besiboli gramu 142 hadi 149, na yote miwili ni ngozi iliyoshonwa kwa mkono juu ya kiini kigumu. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni kile kipande kidogo cha ardhi ambapo mpira unatua, au hautui.

Katika kriketi ya siku tano, ardhi hiyo inazeeka. Siku ya kwanza ina unyevu na majani yaliyokatwa. Siku ya tatu imekauka. Siku ya tano ina nyufa, na mzungushaji mpira mwenye vidole vya subira anaingia kazini. Mtunza uwanja ni mchezaji wa ishirini na tatu. Besiboli haina habari na hayo. Mrushaji wake lazima afanye kila kitu hewani, kwa kuushika mpira kwenye mishono yake, ili upinde au uzame kabla haujafika. Hata bati limefuata mantiki hiyo: la kriketi ni bapa, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kulinda wiketi dhidi ya mpira unaotoka chini, la besiboli ni la mviringo, kwa sababu halilindi kitu, linapiga tu.

Na historia ya mgawanyiko wao inakwenda hivyohivyo. Wengi hudhani mchezo wa kwanza wa kimataifa wa kriketi ulikuwa baina ya England na Australia. Sivyo. Ulichezwa New York mwezi Septemba 1844, Marekani na Kanada, na Kanada ikashinda kwa mikimbio 23. Hiyo ni miaka 33 kabla ya England na Australia kukutana Melbourne. Henry Chadwick, Mwingereza mzaliwa wa Exeter aliyekuwa akiripoti kriketi magazetini huko New York, ndiye aliyeipa besiboli jedwali lake la takwimu, na kila hesabu inayoonekana leo kwenye televisheni ya Marekani ina mkono wake. Harry Wright, aliyezaliwa Sheffield na kulipwa mshahara wa kucheza kriketi, ndiye aliyeiunda Cincinnati Red Stockings, timu ya kwanza ya besiboli iliyotangaza wazi mwaka 1869 kwamba wachezaji wake wote wanalipwa. Kabla ya hapo vilikuja Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Askari kambini hawana muda wa kusawazisha ardhi, kuimwagilia na kuibururia roli. Mchezo usiohitaji ardhi iliyotayarishwa ukasambaa, na ule unaoihitaji ukabaki kwenye vilabu vya matajiri wa Philadelphia. Mchanga mkavu, mchanga mgumu. Watoto wa Paje waliirudia historia hiyo kwa dakika tano.

Naandika haya kwa sababu nina deni la kifamilia na ardhi ya kriketi.

Ami yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya kiwanja mjini katika ujana wake, zama za Sultani na Mwingereza. Alimwagilia, akakata majani, akaburuta roli la chuma kabla jua halijapanda. Mnazi Mmoja ilikuwa na kriketi yake wakati huo: Waingereza, Waparsi, Wagoa, Wahindu, Makhoja, kila jamii na watu wake, kama ilivyokuwa Bombay, ambako mpaka mwaka 1946 mashindano makubwa ya mji yaligawiwa kwa rangi na dini. Ami aliijua ardhi ile kuliko waliokuwa wakiichezea. Alituambia kwamba akiweka kiganja chini alfajiri alikuwa akijua kama mpira wa siku hiyo utainuka au utateleza. Lakini hakuwahi hata siku moja kushika bati katika mchezo. Hapana aliyemkataza kwa mdomo. Hapana aliyemwita.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, wengi waliokuwa wakicheza waliondoka Zanzibar, na mchezo ukanywea. Watu husema kriketi haikushika kwetu kwa sababu ni ghali au ni ndefu. Sikubali. Upongoo hauna bei. Huko Barbados na visiwa vya jirani yake watoto wa maskini walichonga magongo yao kutoka kwenye makuti ya minazi kama ya kwetu, wakatoka humo wapigaji walioitetemesha dunia. Kule nako milango ilifungwa. Ni mwaka 1960 tu ndipo Frank Worrell alipokuwa Mweusi wa kwanza kukabidhiwa unahodha wa West Indies kwa mfululizo mzima wa michezo. Tofauti ni kwamba watoto walikuwa wameshauchukua mchezo ufukweni zamani, bila ya kumuomba mtu. Kwetu mchezo ulibaki ndani ya uzio, na wenye uzio walipoondoka, uliondoka nao.

Ukitaka kuiona sura ya uzio huo, itazame timu ya Afrika Mashariki iliyocheza Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, Juni 1975. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa pamoja, na nahodha Harilal Shah kutoka Kenya. Tanzania ilikuwa na watu wake, akiwemo Shiraz Sumar. Katika kikosi kizima wachezaji Weusi walikuwa wawili, wote wa Uganda: Sam Walusimbi na John Nagenda, aliyekuwa pia mwandishi. Walipoteza michezo yote mitatu. Dhidi ya New Zealand, Glenn Turner peke yake alipiga mikimbio 171 bila ya kutolewa, na timu yetu nzima ikapata 128. Siku nne baadaye, mjini Leeds, India ilizifikia 120 zetu bila ya kupoteza wiketi hata moja, yaani bila ya mpigaji wake hata mmoja kutolewa. Siwabezi wale watu, hata kidogo. Walikwenda na kazi zao za ofisini na madukani mgongoni, wakasimama mbele ya warushaji wakali wa dunia. Lakini timu ile haikuwa na mtoto wa ufukweni nyuma yake.

Kenya ilikuja kuwa na watoto hao. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Mimi nilisikia habari hiyo redioni na sikuiamini mpaka nilipoiona gazetini siku mbili baadaye. Na mwaka 2003 Kenya, chini ya nahodha Steve Tikolo, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Collins Obuya aliwatoa Wasri Lanka watano mjini Nairobi kwa mikimbio 24, kwa ule mzunguko wake wa kifundo cha mkono.

Lakini mchezo ninaourudia moyoni ni wa tarehe 15 Machi mwaka huo, Durban, na shujaa wake ni mtu wa Mombasa. Asif Karim alikuwa ameshastaafu. Alikuwa na miaka 39, mtu wa biashara zake, aliyewahi pia kuiwakilisha Kenya kwenye tenisi, na akaombwa arudi. Mbele yake walikuwa Waaustralia, mabingwa wa dunia, ambao katika mashindano yale hawakupoteza mchezo hata mmoja. Walihitaji mikimbio 175 na walikuwa wakienda mbio. Karim akaingia na mpira wake wa pole wa mkono wa kushoto. Hana kasi. Hana hila ya kutisha. Anautua mpira mahali palepale, tena palepale, kama fundi seremala anayepiga msumari bila ya kuupinda. Ricky Ponting akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg akatoka. Karim alimaliza na ova 8, yaani zamu za mipira sita sita, na mipira 2. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio wowote. Mikimbio 7 tu, wiketi 3. Australia ilishinda, ndiyo, lakini tuzo ya mchezaji bora wa siku ilikwenda kwa mzee wa Mombasa. Nilikuwa mjini siku ile, kwenye duka la jamaa mmoja Darajani lenye dishi, na tulipiga makofi kila mpira wake uliokufa bila ya kitu. Muuza kahawa aliyekuwa akipita aliuliza nani kafunga. Tukamwambia hapana aliyefunga, na ndiyo maana tunashangilia.

Iweke kumbukumbu hiyo kando, kwa sababu nitaihitaji.

Mtoto wa ami yangu mdogo anaishi Toronto, na ndiye aliyenitia kwenye besiboli. Amekuwa shabiki wa Blue Jays tangu alipofika huko, na Oktoba 2025 timu yake iliingia fainali dhidi ya Dodgers wa Los Angeles. Mchezo wa tatu ulianza saa tisa za usiku kwa saa zetu, kuamkia tarehe 28. Aliniandikia: "Kaka, umelala?" Nikamjibu sijalala. Nikakaa barazani na simu yangu, upepo wa pwani unavuma, tukautazama pamoja, yeye kule, mimi huku.

Besiboli ina awamu tisa. Alfajiri ikaadhiniwa, nikaenda msikitini nikarudi, wanacheza. Jua likachomoza juu ya mwamba, bado. Tisa zikaisha wakiwa sare, na sheria yake ni kwamba mnaendelea mpaka mmoja apatikane. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Bado. Mama akatoka kuelekea kwenye mwani wake, akasimama kando yangu na kuitazama simu. Awamu ya kumi na nane, saa nne kasoro dakika kumi za asubuhi, Freddie Freeman, ambaye alikuwa ameshakosa mara kadhaa usiku ule, akaupiga mpira mpaka nje ya uwanja. Dodgers 6, Toronto 5. Zilikuwa zimepita zaidi ya saa sita na nusu. Mtoto wa ami hakuniandikia kitu mpaka adhuhuri.

Lakini kilichonikaa ni Shohei Ohtani, yule Mjapani. Mwanzoni alipiga mipira miwili ya kwenda nje ya uwanja na mingine miwili mikubwa. Baada ya hapo Toronto wakaamua kutomrushia. Mara nne, alipokuja kupiga, walitoa ishara kwa mwamuzi, naye akapelekwa kituo cha kwanza bila ya mpira hata mmoja kutupwa. Sheria inaruhusu: mpe hatua moja ya bure, uepuke balaa lake, uhangaike na anayemfuata. Mama akaniuliza: "Huyo mtoto kafanya kosa gani, hata hapewi mpira?" Nikamwambia hana kosa, mama, ni hodari mno. Akanitazama kama niliyemletea habari ya dhulma.

Na mimi, kwa mapenzi yote niliyo nayo kwa mchezo ule, namuunga mkono mama. Katika kriketi mlango huo haupo. Mrushaji akiutupa mpira mbali na mpigaji, timu ya mpigaji inapewa mkimbio, mpira unarudiwa, na mpigaji yupo palepale. Humkwepi. Asif Karim hakuweza kumwashiria mwamuzi kwamba Ponting apite. Ilimbidi amrushie, mpira baada ya mpira, uso kwa uso, mtu wa Mombasa na nahodha wa mabingwa wa dunia, mpaka mmoja wao ashindwe. Kwa jicho langu hiyo ndiyo heshima kubwa ya kriketi, na sijaona sheria ya besiboli inayoweza kuilipa.

Besiboli nayo ina kitu ambacho naionea wivu. Mpigaji wa kriketi ana uhai mmoja. Mpira mmoja tu ukimpita, anatembea kurudi kwenye kivuli, na huenda asipige tena siku hiyo wala kesho. Don Bradman alikwenda kupiga kwa mara ya mwisho mjini London, Agosti 1948, akihitaji mikimbio minne tu ili wastani wa maisha yake ufike 100 kamili. Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili. Sifuri. Wastani wake umebaki 99.94, na utabaki hivyo mpaka kiama. Katika besiboli mtu huyohuyo angerudi nusu saa baadaye. Kila timu ina watu 27 wa kutolewa kabla mchezo haujaisha, mpigaji anapata nafasi nne au tano kwa siku, na anayefanikiwa mara tatu katika kumi ni mfalme. Mtu wa mwisho kuvuka mara nne katika kumi kwa msimu mzima katika ligi mbili kuu za leo alikuwa Ted Williams, mwaka 1941. Mchezo mzima umejengwa juu ya kukosa na kurudi. Freeman alikosa, akakosa, akarudi.

Nilimweleza mama hayo yote wakati namsaidia kubeba kamba. Mama ni miongoni mwa waliofunga mwani wa mwanzo hapa Paje, mwaka 1989, kilimo hiki kilipoanza. Ameona misimu ambayo maji yalipata joto mwani ukageuka mweupe ukakatika wote, wiki sita za kazi zikaenda na maji, na kesho yake akafunga mbegu mpya kwenye kamba zilezile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi huo wa Wamarekani mimi naujua." Akaendelea kufunga.

Ndugu hawa wawili waliotengana siku hizi wanaazimana nyumba. Novemba 2023, kwenye uwanja mkubwa wa kriketi wa Dubai, ulichorwa uwanja wa besiboli, na nyota waliowahi kucheza ligi kuu ya Marekani wakacheza mbele ya watu wa Ghuba. Jamaa zetu walioko huko walinitumia picha. Miezi saba baadaye, Juni 2024, uwanja uliojengwa kwa besiboli huko Grand Prairie, jirani na Dallas, ukiwa umegeuzwa wa kriketi, uliona Marekani ikiishinda Pakistan kwenye Kombe la Dunia la ova ishirini. Walilingana kwa 159, ikaongezwa ova moja ya kuamua, na aliyeirusha kwa Marekani ni Saurabh Netravalkar, ambaye kazi yake ya kila siku ni uhandisi wa kompyuta. Miaka 180 tangu ule mchezo wa New York.

Siku moja kabla ya hapo, kwenye mashindano hayohayo, Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia. Guyana, dhidi ya Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova zake nne kwa mikimbio minne na kutoa watu wawili. Kupitia kwake niliuona tena mkono wa Karim: mzee, mpole, mahali palepale. Michezo mingine Uganda ilipigwa vibaya, ikiwemo siku ilipotolewa yote kwa 39 na West Indies. Lakini walikuwa pale kwa haki yao, wakiwa wameiacha nyuma Zimbabwe katika mashindano ya kufuzu ya Windhoek.

Waganda haohao ndio walioutangulia ukanda wetu kwenye besiboli. Mwaka 2011 watoto wao walishinda haki ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, Waafrika wa kwanza, wakashinda mchezo mmoja. Mwaka 2022, Dodgers haohao wa Ohtani wakawasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Dar es Salaam, Skuli ya Sekondari ya Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2018. Na kriketi ya Tanzania haiko tena mikononi mwa jamii mbili tatu. Soma tu majina: Kassim Nassoro, Ivan Selemani. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri wao. Nilipoisikia habari hiyo nilimfikiria ami na roli lake. Vijana hao wamezaliwa zaidi ya miaka arobaini baada ya yeye kuondoka kiwanjani.

Jumamosi ile, tulipokuwa juu kwenye mchanga mkavu, binti mmoja aliyekuwa amekuja kumwita kaka yake akale alisimama pembeni akatazama. Baada ya muda akasema: "Ami, na mimi nirushe." Ana mkono wa nage, mkono unaotupa kwa kulenga. Alirusha mara tatu, na kaka yake hakuugusa mpira hata mmoja. Wa tatu ulipita juu ya upongoo ukaenda kugota kwenye mnazi, utepe ukapasuka.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye mizizi. Aliniuliza kama kesho watacheza tena. Nikamwambia maji ya kesho yatakupwa yakichelewa kiasi cha dakika hamsini, kwa hiyo wawahi kutoka chuoni, mchanga mgumu utakuwepo mpaka karibu na magharibi. Akataka kujua huko chini mpira unarushwaje. Nikaokota upongoo, nikachora mstari kwa miguu, nikamuonesha mahali pa kuutua.